Litografu ya mwaka 1946 kutoka mnada wa Essex: uzoefu wangu na hesabu zake

Nianze na jibu, maana najua wengine mnasomea kwenye basi. Ndiyo, mtu wa mshahara wa kawaida anaweza kununua kazi halisi ya msanii wa Uingereza wa karne ya 20 kwenye mnada, na akalipa chini ya bei ya simu mpya. Ila atafute zilizochapwa kwenye karatasi, zile za rangi ya mafuta awaachie wenye nazo, na apige hesabu ya ada zote kabla hajaweka dau. Nikitakiwa kutoa nyota natoa nne kati ya tano. Ile ya tano imeliwa na ada, nitaeleza mbele.

Ukimtajia Mtanzania mnada, anawaza ng'ombe wa Pugu, au nyumba ya mtu aliyeshindwa mkopo wa benki na kampuni ya udalali imefika na kipaza sauti. Hapa Uingereza minada ya sanaa imeenea mpaka kwenye miji midogo. Christie's na Sotheby's za London ndizo zinazosikika kwenye habari, lakini huku mashariki, Essex na Cambridgeshire, zipo nyumba za mnada zinazoandaa mauzo maalumu ya sanaa ya kisasa ya Uingereza. "Kisasa" chao kinaanzia enzi za babu zangu: kazi za mwanzoni mwa karne ya 20 mpaka miaka ya 1970 hivi. Unaweza kuingia siku za kutazama bila kulipa kitu, ukaishika picha mkononi, ukaigeuza nyuma, na hakuna anayekuuliza kama una hela. Kwangu hilo peke yake lina thamani kuliko makumbusho mengi ambako ukisogea hatua moja mlinzi anakohoa.

Jina linalotajwa kuliko yote ni L.S. Lowry. Mpenzi wa mpira hawezi kukosa kumpenda. Picha yake ya 1953, Going to the Match, inaonyesha watu wembamba kama njiti za kiberiti wakimiminika kwenda Burnden Park, uwanja wa zamani wa Bolton Wanderers. Chama cha wachezaji wa kulipwa kiliinunua mwaka 1999 kwa pauni milioni 1.9, na Oktoba 2022 ikauzwa Christie's kwa pauni milioni 7.8 pamoja na ada. Iliyoinunua ni The Lowry, kituo cha sanaa cha Salford, kwa msaada wa mfuko wa hisani, hivyo umma haukuikosa. Huyu mzee alikuwa mkusanya kodi za nyumba. Alizunguka mitaa ya Manchester na Salford kikazi mpaka alipostaafu mwaka 1952, na alichora kwa rangi tano tu: nyeusi, nyeupe, nyekundu, bluu na manjano ya udongo.

Sasa, kwenye minada ya mikoani utakutana na "Lowry" nyingi za karatasi zenye saini ya penseli, na bei zake zinaanzia pauni elfu moja na kupanda. Hapo mimi nilisita, na bado nasita. Nyingi kati ya hizo ni nakala za michoro yake ya mafuta: mchoro ulipigwa picha, ukachapwa kwa ofseti, yaani mashine ile ile ya kuchapa vitabu, kwa mamia, kisha yeye akasaini pembeni. Saini ni yake kweli, na katalogi haifichi kitu kwa anayejua kuisoma. Lakini mkono wa Lowry uliigusa karatasi ile kwa penseli peke yake. Litografu, yaani picha ambayo msanii huichora mwenyewe kwenye jiwe au bamba kisha ikachapwa kutoka hapo, alizozichora Lowry ni chache. Mwenye hela zake anunue anachopenda, ila ajue analipia saini.

Kuna kundi jingine linalonichekesha kwa uchungu. Miaka ya 1920 Claude Flight alikuwa akifundisha uchapaji wa lino katika shule ya Grosvenor, Warwick Square, London. Lino ni ile ya kutandika sakafu. Unaichonga, unaipaka wino, unagandamiza karatasi juu yake, na kila rangi inataka kipande chake. Flight aliipenda kwa kuwa ni rahisi kupatikana, na alitaka picha zake ziuzwe kwa bei ya bia au ya tiketi ya sinema. Leo nenda kaulize bei ya Cyril Power, yule aliyechonga treni za chini ya ardhi, au ya Sybil Andrews na pikipiki zake za mashindano. Makumi ya maelfu ya pauni. Nimezitazama kwa ukaribu, nikarudisha mikono mfukoni.

Mimi nilizifuata School Prints. Vita vilipokwisha, mjane kijana aitwaye Brenda Rawnsley aliufufua mpango wa marehemu mumewe, Derek, wa kupeleka sanaa mashuleni. Aliwaomba wasanii wa wakati ule watengeneze litografu za rangi kwa ajili ya watoto, na kamati ya kuzichagua iliongozwa na mhakiki Herbert Read. Kati ya 1946 na 1947 zilitoka picha 24, zikachapwa kwa maelfu na Baynard Press ya London. Shule hazikuwa na uwezo wa fremu, kwa hiyo wasanii walichora na mpaka wa kuizunguka picha, mwalimu aibandike ukutani ikiwa imekamilika. John Nash alichora mavuno, Kenneth Rowntree trekta, Tom Gentleman farasi wa kijivu. Baadaye mama huyo alipanda ndege ya kukodi kwenda Ufaransa kuwatafuta Picasso na wenzake. Awamu hiyo ya wakubwa ilitoka mwaka 1949 na haikununuliwa kama alivyotarajia. Nampenda tu mama huyu. Wengine wangejenga jumba wakaliita la sanaa, yeye alipeleka picha darasani.

Kwa sababu zilichapwa nyingi, na kwa kawaida hazina saini ya penseli wala namba, wakusanyaji wakubwa wanazipita. Hiyo ndiyo nafasi yetu. Yangu ni Harbour ya Julian Trevelyan, ya 1946. Mimi ni mtoto wa Tanga, bandari ilinivuta kabla sijasoma jina la msanii. Makadirio ya katalogi yalikuwa pauni 150 hadi 250.

Kabla ya siku ya mnada niliomba ripoti ya hali ya picha. Ni bure, unaandika barua pepe na kutaja namba ya loti, yaani namba ya kitu hicho kwenye katalogi. Msiridhike na jibu la mstari mmoja. Kuna nyumba moja ya mnada, siitaji, iliyonijibu kuhusu picha nyingine kwamba ipo katika "hali nzuri kwa jumla". Nikaomba wanitumie picha ya upande wa nyuma. Kumbe karatasi ilikuwa imegandishwa kwa gundi kwenye ubao mgumu, yote, kona hadi kona. Kuibandua ni kazi ya fundi wa kuhifadhi karatasi, na ujira wake ungezidi bei ya picha. Nikaachana nayo.

Ya kuuliza ni haya. Kingo zimekatwa? Kwa School Prints hili ni kubwa, kwa sababu mpaka uliochorwa ni sehemu ya picha, na wapo waliokata ili iingie kwenye fremu waliyokuwa nayo nyumbani. Rangi zimepauka kwa jua? Wekundu na buluu ndizo za kutazama kwanza. Kuna madoadoa ya kahawia, yale yanayoletwa na unyevu? Ile kadi inayoizunguka picha ndani ya fremu, ikiwa ya zamani, huwa na asidi inayoacha mstari wa rangi ya chai pembeni, na mstari ule unafichika mpaka fremu ifunguliwe. Matundu ya pini kwenye kona sikuyajali hata kidogo. Picha iliyotengenezwa kwa ajili ya ukuta wa darasa ikikutwa haina tundu hata moja ndipo ningeuliza ilikuwa wapi.

Tuje kwenye hela. Nyundo iligonga kwangu kwa pauni 220. Mtu asiyejua anadhani ndiyo bei. Juu yake kuna ada ya mnunuzi, asilimia 25 kwa nyumba hii, yaani pauni 55, na juu ya ada hiyo kuna VAT ya asilimia 20, pauni 11. Kwa kuwa niliweka dau kupitia jukwaa la mtandaoni la kampuni nyingine, wakanikata asilimia 5 ya bei ya nyundo pamoja na VAT yake, pauni 13.20. Jumla 299.20, na picha bado iko kwao. Hii asilimia 5 inaepukika: andika dau lako la mwisho na uwaachie wao wakushindanie ukumbini, au omba wakupigie simu loti yako ikikaribia. Nyumba nyingi pia zina tovuti zao ambapo kushiriki hakuna ada ya ziada. Mimi nilikuwa zamu ya mchana wodini, kuweka dau mtandaoni kwa simu ndiyo ilikuwa njia pekee, na nilibonyeza nikiwa chumba cha chai.

Bei ya nyundo ikifika pauni 1,000 linaongezeka jambo jingine: mrabaha wa msanii, asilimia 4 kwa kazi za kiwango hicho. Unalipwa kwa msanii aliye hai, au kwa warithi wake mpaka itimie miaka 70 baada ya mwaka aliofariki. Hapa pana mchezo wa tarehe unaofurahisha. Edward Bawden na Eric Ravilious walizaliwa mwaka mmoja, 1903, wakasoma pamoja chuo cha kifalme cha sanaa cha London, wakapanga nyumba moja Great Bardfield, hapa hapa Essex. Ravilious alipotea na ndege karibu na Iceland mwaka 1942 akiwa msanii aliyetumwa kuichora vita, kwa hiyo kazi yake leo haina mrabaha. Bawden aliishi mpaka 1989, hivyo yake inao. Chukua Bawden iliyogongwa kwa 1,100: ada 275, VAT 55, mrabaha 44, unafika 1,474 kabla ya usafiri. Mrabaha siulalamikii, familia ya msanii ipate. Ada ya mnunuzi ndiyo inayoniudhi, kwa sababu muuzaji naye anakatwa kamisheni. Dalali anakula pande zote mbili za meza.

Siku yenyewe inakwenda mbio. Dakika moja haiishi, loti imekwenda. Dalali wetu alikuwa mcheshi na mdomo wake hauna breki, na picha za mtandaoni zilichelewa kidogo nyuma ya sauti yake, kwa hiyo ukisubiri mpaka aseme "mara ya mwisho" kidole chako kimeshachelewa. Weka kikomo chako ukiwa umeshajumlisha ada. Wangu ulikuwa 240, na mshindani wangu, sijui ni nani na yuko wapi, aliishia 210. Kama hukushinda usifunge ukurasa. Loti zinazoshindwa kufikia bei ya chini ya siri ya muuzaji hubaki bila kuuzwa, na kesho yake unaweza kuwapigia ukaweka ofa yako kistaarabu.

Malipo kwa kadi yalikwenda vizuri, kitambulisho waliomba mara moja nilipojisajili, na ankara iliandikwa wazi. Kuchukua mzigo ndiko kulikonichosha. Nyumba nyingi hazifungi wala hazisafirishi, zinakupa orodha ya wasafirishaji na tarehe ya mwisho, ikipita unalipia stoo kwa siku. Msafirishaji wa kwanza alinitajia pauni 85 kwa sababu ya kioo. Nikawauliza kama wanaweza kuitoa picha kwenye fremu. Walikubali, ikaja bapa katikati ya kadibodi mbili kwa pauni 35. Msikubali ikunjwe kwenye bomba jembamba, karatasi ya umri huu hupata nyufa kwenye wino. Fremu niliyoiacha ilikuwa mbovu, na kioo chake hakikuwa cha kuzuia jua.

Dada yangu wa Dar ameshaniagiza yake. Nimemwambia hewa ya pwani na karatasi havipatani, ukungu utaanza kabla hajamaliza kuwaonyesha majirani, labda aiweke kwenye chumba chenye kiyoyozi, mbali na ukuta wa nje, na fremu iwe na nafasi kati ya karatasi na kioo. Amesema atafikiri. Kwa walio hapa na wanaotaka kuzoeza macho kabla ya kutoa hela, Fry Art Gallery ya Saffron Walden imejaa kazi za kina Bawden na majirani zao wa Great Bardfield.

Na kama mawazo yako ni kununua leo uuze mwaka kesho upate faida, usijisumbue. Ukijumlisha nilichokatwa mimi nikinunua na kile ambacho muuzaji hukatwa, picha hii ingelazimika kugongwa zaidi ya pauni 400 ili nirudishe tu hela yangu. Pauni 334 nimelipa, hesabu ya usafiri ikiwemo, na kwa hela hiyo nina bandari ya Trevelyan sebuleni.