Zulia la mimea katika tangi la samaki: uzoefu wangu na miche ya vikombe hapa Mombasa

Nafuga samaki wadogo wa mapambo aina ya gapi na plati katika tangi la lita 60, na kwa muda mrefu sakafu ya tangi hilo ilikuwa mchanga mtupu. Nilipoamua kuitandika mimea mifupi inayotambaa, nilinunua vikombe vitatu vya miche ya tishu kwa muuzaji wa samaki wa mapambo ambaye huagiza bidhaa hizo kutoka Ulaya: kimoja cha Sagittaria subulata, cha pili cha Marsilea hirsuta, na cha tatu cha Micranthemum tweediei, ambayo wauzaji huiita Monte Carlo. Yote mitatu iliuzwa kwa sifa moja, kwamba ni mimea rahisi hata kwa anayeanza. Kwa kuwa sasa nimeishi nayo katika joto la kaskazi na katika nafuu ya kusi, ninaweza kueleza ni mmea upi unaoistahili sifa hiyo katika tangi la pwani lisilo na mtungi wa gesi ya kabonidayoksaidi ya kuilisha mimea, na ni upi unaoipata kwa masharti.

Nianze na bidhaa yenyewe. Miche hii huzalishwa maabara kwa njia ile ile inayotumika kuzalisha miche ya migomba isiyo na magonjwa: kipande kidogo cha mmea husafishwa, huwekwa katika jeli yenye sukari, madini na homoni za ukuaji, kisha hufungiwa ndani ya kikombe ambamo vijidudu haviwezi kuingia. Kikombe kinapofika dukani, mche haujawahi kukutana na konokono, mayai ya konokono, mwani wala dawa ya kuua wadudu. Wanaofuga kamba wadogo wa mapambo wanajua thamani ya hilo la mwisho, kwa sababu masalia ya dawa katika mimea ya kawaida yanaweza kuwaua kamba wote kwa siku moja.

Kuna atakayeuliza kwa nini mtu atoe fedha kununua majani yanayoota bure katika madimbwi yetu. Swali ni la haki, maana ndugu yake Marsilea huyu, yaani Marsilea minuta, huota Afrika katika maji ya msimu na katika mashamba ya mpunga. Jibu langu ni kichocho. Konokono wa jenasi za Bulinus na Biomphalaria, ambao hubeba vimelea vya ugonjwa huo, huishi juu ya mimea ya majini ya namna hiyo hiyo, na vimelea wanaotoka ndani ya konokono hupenya ngozi ya mtu anayegusa maji. Mfugaji wa samaki hutumbukiza mkono hadi kwenye kiwiko kila anapopunguza majani au kusafisha mchanga, na watoto nao hupenda kusaidia. Kwa mwenye tangi la mapambo Ulaya, kikombe kisicho na konokono ni suala la usafi wa macho. Kwetu ni suala la afya, na kwa sababu hiyo peke yake naona bei yake inavumilika, ingawa kikombe kimoja kilinigharimu sawa na mafungu kadhaa ya mimea ya kawaida.

Jeli lazima ioshwe yote kabla ya kupanda, kwa sababu sukari iliyobaki huwa chakula cha bakteria na mizizi huanza kuoza. Nilitumia bakuli la maji yenye joto la chumbani na kuitikisa miche taratibu, kisha nikaigawa katika vijifungu vya ukubwa wa ukucha na kuipanda kwa kibanio kirefu, kwa nafasi ya sentimita tatu hivi kati ya kijifungu na kijifungu. Mchanga una kina cha sentimita tano na ni mchanga wa mto uliooshwa mpaka maji yakatoka meupe. Mchanga wa ufuoni, hata ule unaovutia kwa weupe wake, umejaa vipande vya matumbawe na magamba ya kome, ambavyo huyeyuka polepole na kuyaongezea maji ugumu. Ukiudondoshea siki ukatoa povu, uache huko huko ufuoni. Chini ya mchanga nilizika vidonge vya mbolea, kwa kuwa Sagittaria na Marsilea hutegemea zaidi mizizi kuliko majani katika kujilisha.

Sagittaria ndiyo iliyonishangaza kwa uzuri. Maji ninayotumia ni ya kisima, na visima vingi vya kisiwa hiki vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, kwa hiyo maji ni magumu na mara nyingine yana chumvi kidogo ambayo ulimi huitambua. Mimea mingi ya matangi hutoka katika mito ya maji laini na huchukia hali hiyo. Sagittaria subulata, kinyume chake, ni mzaliwa wa pwani ya mashariki ya Marekani, ambako huota kwenye midomo ya mito inayofikiwa na maji ya bahari wakati wa kujaa na kupwa. Mmea uliozoea mkondo wa aina hiyo hauna sababu ya kulalamikia kisima cha Mombasa. Baada ya wiki za mwanzo, ambapo majani ya maabara yalinyauka na kuachia nafasi majani mapya yaliyo mapana na magumu zaidi, ulianza kutoa vishina vya kutambaa chini ya mchanga, na kila kishina kikaibua mche mpya, kisha mwingine mbele yake, kwa mstari ulionyooka kama uliopimwa kwa kamba. Joto la nyuzi 29 halikuusumbua.

Hata hivyo, anayetaka zulia lililonyolewa sawasawa ajue kwamba Sagittaria hairefuki kwa kipimo kimoja. Mbele ya tangi, penye mwanga wa kutosha, majani yangu yana urefu wa sentimita saba au nane. Nyuma, kwenye kivuli cha gogo, yamefika mara mbili ya hapo. Kukata ncha za majani kwa mkasi hakufai, kwa sababu jani lililokatwa hubaki na kidonda cha kahawia. Dawa ni kuling'oa kutoka kwenye shina. Dalili nyingine ya kuiangalia ni majani mapya kuwa ya njano, ambayo mara nyingi ni njaa ya madini ya chuma, kwani katika maji magumu yenye alikali chuma hujifunga na kutua bila kuufaidisha mmea. Kidonge kipya cha mbolea chenye chuma karibu na mizizi kilirudisha ukijani.

Marsilea hirsuta, kutoka Australia, ni jamii ya kangaga ingawa hafanani nao hata kidogo. Ndani ya kikombe alikuwa na majani yenye vipande vinne yaliyopangika vizuri, na mnunuzi asiyejua anaweza kudhani ameletewa mmea mwingine pale majani hayo yanapokufa majini na nafasi yake kuchukuliwa na jani moja moja la mviringo juu ya kikonyo kifupi. Huo ndio umbo lake la chini ya maji, na binafsi nauona mzuri kuliko wa kwanza. Ni mfupi, mzito wa rangi, hauhitaji kukatwa, haukudai gesi wala taa kali. Tatizo lake ni mwendo. Kwa muda mrefu sikuona dalili yoyote ya uhai isipokuwa kwamba haukuwa umekufa, na mtu asiye na subira angeung'oa. Mizizi ilipokwisha kujijenga ndipo ulipoanza kutandaa, na hata sasa huongeza kiasi cha upana wa kiganja katika muda ambao Sagittaria imevuka tangi zima. Kwa hiyo nashauri asiyetaka kusubiri anunue vikombe viwili au vitatu vya Marsilea kwa mpigo, jambo ambalo muuzaji hakulisema na lebo haikulitaja.

Nafika sasa kwenye Monte Carlo, ambao picha zake ndizo zinazouza vikombe: majani madogo ya mviringo, kijani kibichi, yaliyofunika sakafu yote pasi na uwazi. Sikatai kwamba ni rahisi ukilinganishwa na Hemianthus callitrichoides wa Kuba, ambao ni mdogo zaidi na mgumu zaidi. Lakini urahisi wake umepimwa katika matangi ya nchi za baridi, ambako tatizo ni kuyapasha maji moto yafikie nyuzi 22 au 24. Tangi langu hukaa nyuzi 29 mwezi Machi bila kuwashiwa kitu chochote. Maji ya moto hushika gesi kidogo kuliko maji ya baridi. Kwa kabonidayoksaidi, uwezo huo hupungua kwa takribani robo kutoka nyuzi 20 hadi 30. Wakati huo huo joto huuharakisha mmea kupumua na kutumia akiba yake. Mmea wenye majani mengi madogo na mizizi ya juujuu, ambao hutegemea sana kile unachokipata majini, hujikuta mapato yanashuka huku matumizi yakipanda. Wangu ulitoa matawi marefu membamba yaliyoelekea juu kutafuta mwanga badala ya kutambaa, kisha ukaanza kuoza kuanzia chini, na vipande vikaelea na kuziba kichujio.

Nusu ya kikombe nilikuwa nimeipanda katika chombo kingine kwa njia ya ukavu, yaani juu ya udongo uliolowa, bila maji ya kujaa, chini ya karatasi ya plastiki inayozuia unyevu usitoke. Hapo ulinawiri na kufunga zulia kamili, kwa sababu hewani gesi haina uhaba. Nilipojaza maji bila kuweka mtungi, uzuri huo ulidumu kitambo kidogo kisha ukafuata njia ya ule wa kwanza. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji ilishusha joto kwa nyuzi mbili hivi, kidogo zaidi upepo wa kusi ulipoanza, lakini feni hupunguza maji kwa mvuke na kuacha chumvi nyuma, kwa hiyo kiasi kilichopotea hakina budi kujazwa kwa maji ya mvua. Ni kazi ya kila siku kwa ajili ya mmea mmoja, na umeme ukikatika usiku, feni nayo husimama.

Kuhusu taa sina mengi: taa ya LED ya kawaida ya matangi, saa saba kwa siku, ikiongozwa na taima. Nilipoirefusha nikidhani Marsilea ataharakisha, aliyeharakisha ni mwani.

Kwa bidhaa hii kwa jumla natoa nyota nne kati ya tano, na nyota iliyobaki naizuia kwa sababu ya neno hilo moja, «rahisi», lililobandikwa juu ya mimea mitatu yenye mahitaji tofauti kabisa, bila hata mstari mmoja kuhusu joto. Mwenye tangi Nairobi au Limuru, ambako maji hukaa baridi bila jitihada, na aliye tayari kununua mtungi wa gesi, anaweza kuchukua Monte Carlo bila wasiwasi mkubwa. Mkazi wa pwani mwenye maji ya kisima achukue Sagittaria kwa sehemu kubwa ya sakafu, aweke Marsilea mstari wa mbele ambako ufupi wake utaonekana, na asinunue zaidi ya kikombe kimoja cha Sagittaria, kwa kuwa kitazaa miche ya kutosha tangi lake na ya jirani.