Impreza WRX na barabara ya Likasi: breki kwanza, shokapu baadaye

Nianze na hukumu, ili mwenye haraka asilazimike kusoma yote. Kama una gari la mbio hapa Lubumbashi na umepata dola 1000 za kulichezea, achana na injini, na usilishushe chini. Anza na breki. Kitakachobaki kiende kwenye shokapu na bushi, ile mipira ya kwenye viungo vya miguu ya gari. Hivyo ndivyo nilivyofanya kwa Subaru Impreza WRX yangu ya mwaka 2004, na naandika baada ya kupita nayo kiangazi kizima cha vumbi jekundu na majira ya mvua yaliyofuata.

Gari lenyewe halihitaji sifa nyingi: injini ya lita 2 yenye turbo, magurudumu yote manne yanavuta, na kwa hesabu ya Wajapani nguvu za farasi 250. Lilitoka Japani, likashushwa Dar es Salaam, likapanda hadi Tunduma, likavuka Zambia na kuingilia mpaka wa Kasumbalesa kama yalivyo magari mengi ya hapa. Maana yake usukani uko kulia, na sisi Kongo tunaendesha upande wa kulia wa barabara.

Watu wa Dar na wa Nairobi huenda wasielewe jambo hilo linavyobadilisha maisha. Kutoka hapa hadi Likasi ni kilomita 120 hivi, na njia nzima uko nyuma ya malori: yaliyobeba shaba, yenye matangi ya asidi, yanayorudi matupu kutoka mpakani. Ukitaka kulipita lori na umekaa kulia, huoni kitu. Inabidi gari zima litoke kwenye mstari ndipo jicho lako lione mbele, na mara nyingi unachokiona ni lori lingine linakuja, kwa hiyo unakanyaga breki na kurudi ulikotoka. Mke wangu anakaa kushoto na ndiye macho yangu: "Bado… bado… haya, pita!" Akiwa hayupo, nategemea breki. Basi mtu akiniuliza kwa nini sikuanza na kompyuta ya injini au bomba la moshi la kunguruma, jibu ni hilo. Nguvu za kupita lori zilikuwepo tangu kiwandani. Kilichokosekana ni uhakika wa kurudi nyuma yake.

Gari lilifika na mapambo ya mwenyewe wa kwanza: shokapu za kurekebisha kimo, zimekazwa mpaka mwisho, gari limekaa chini kiasi kwamba tuta la mbele ya shule lilikuwa linakwangua tumbo. Rimu za inchi 17 na tairi nyembamba. Pedali ya breki ilikuwa laini, na ukishuka vilima vya kuingilia Likasi inazidi kwenda chini. Nililipeleka kwa fundi ninayemwamini, mzee mmoja wa Katuba aliyezeekea kwenye magari ya Kijapani. Alilizunguka, akalisukuma kona moja baada ya nyingine, akatikisa kichwa: "Yaya, moteri iko na nguvu, lakini miguu ilishakufa. Uanze na freni." Freni ndiyo breki.

Wengi wakisikia "kuongeza breki" wanafikiria kununua zile kalipa (vibanio vinavyobana pedi kwenye diski) kubwa za Brembo zinazokuja na STI, Impreza yenye nguvu kuliko WRX. Nilizifikiria na mimi. Ni breki nzuri mno, diski ya mbele ina milimita 326. Lakini haziingii ndani ya rimu ndogo kuliko inchi 17, na mimi nilikuwa nataka kurudi kwenye 16 kwa sababu ya mashimo yetu. Piga hesabu: tairi ya 205/55 (upana milimita 205, ukuta asilimia 55 ya upana huo) kwenye rimu ya 16 ina ukuta wa milimita 113 hivi, ile ya 215/45 kwenye 17 ina 97. Milimita hizo 16 ndizo zinazoamua kama shimo la baada ya mvua litakupasulia rimu au litakutikisa tu. Tena STI za miaka ya baadaye zina nafasi za bolti za milimita 114.3 na WRX yangu ina 100, kwa hiyo ukinunua seti iliyotumika bila kupima, diski zitabaki kuwa pambo la garaji.

Gari langu lilikuja na kalipa za mbele za Subaru zenye pistoni 4 na diski za milimita 294, na hizo zinatosha kabisa zikiwa hai. Zangu zilikuwa nusu maiti. Pistoni mbili zilikuwa zimegoma kwa kutu na vumbi, hivyo pedi ya upande mmoja ilikuwa imeliwa na ya pili bado nzima. Fundi alizifungua, akazisafisha, akaweka sili mpya na vizuia vumbi vipya. Kazi hiyo ndiyo iliyokuwa ya bei nafuu kuliko zote na ndiyo ninayoipa alama ya juu. Ukiwa na dola 60 tu mfukoni, zitumie hapo.

Halafu mafuta ya breki. Yaliyotoka yalikuwa meusi. Watu wanayadharau kwa sababu hayaonekani, lakini tabia yake ni kunyonya maji kutoka hewani, na maji yakishaingia, kiwango cha kuchemka kinashuka. Mafuta ya daraja la DOT 4, kwa kanuni, yakiwa mapya yasichemke chini ya nyuzi 230. Yakishanyonya maji, kiwango hicho kinakuwa 155. Kwa DOT 3 ni 205 na 140. Sasa fikiria gari la kilo 1400 linasimama kutoka kilomita 100 kwa saa: joto linalozalishwa kwenye diski linatosha kuchemsha maji zaidi ya lita moja na nusu. Kutoka kilomita 50 joto hilo ni robo tu. Ndiyo maana mtu anazunguka mjini mwaka mzima akisifu breki zake, siku anayoshuka Likasi nyuma ya lori pedali inazama mpaka sakafuni. Mafuta yamechemka, ndani kuna mvuke, na mvuke unabanika.

Kuna kufeli kwa aina ya pili ambako watu wanakuchanganya na huko: pedali iko ngumu kama kawaida, unakanyaga kwa nguvu, gari linateleza mbele tu. Hapo ni pedi zimezidiwa na joto. Pedi zangu za zamani zilikuwa za aina hiyo, zile za bei ya chini zinazouzwa mjini kwenye boksi zuri. Nilinunua Ferodo DS2500. Niliogopa kidogo kwa sababu pedi nyingi za mashindano hazishiki mpaka zipate moto, na mtu wa kawaida anahitaji breki asubuhi anapotoka getini. Hizi zinashika tangu baridi. Zinatoa vumbi jingi na zinalia kidogo ukisimama taratibu kwenye taa. Kelele hiyo nimeizoea. Mke wangu bado.

Diski nilichukua za kawaida, zenye njia za hewa katikati, bila matundu ya urembo. Muuzaji alinisukumia zile zenye matundu na kusema zinapoza haraka. Matundu ndiyo mahali diski inapoanzia kupasuka ikipashwa moto na kupoa mara kwa mara, na kwa matumizi yangu hayaniongezei kitu. Mipira ya breki, ile inayopitisha mafuta, nilibadilisha pia, nikaweka iliyofumwa kwa waya za chuma. Pedali ikawa na jibu la haraka zaidi, ingawa sehemu kubwa ya mabadiliko hayo nadhani ni mafuta mapya na kutoa hewa vizuri, siyo mipira.

Mkishafunga pedi mpya na diski mpya, msiende moja kwa moja kulipita lori. Zinahitaji kuzoeana. Nilikwenda barabara ya Kipushi alfajiri ya Jumapili, kabla watu wa misa hawajatoka: kutoka 80 unashuka hadi 20 kwa breki ya wastani, unaongeza mwendo tena, unarudia, bila kusimama kabisa. Ukisimama diski ikiwa ya moto, pedi inaacha alama na baadaye usukani unatetemeka. Mwishoni unaendesha tu bila kugusa breki mpaka zipoe. Fundi wetu alinicheka kwa utaratibu huo, lakini usukani hautetemeki.

Sasa miguu.

Kinachosimamisha gari ni tairi kushika lami. Breki kazi yake ni kulizuia tairi lisizunguke. Nilikuwa nalijua kwa maneno, nikalielewa kwa mwili baada ya breki kupona na shokapu kubaki zilezile. Kwenye lami safi gari lilisimama vizuri ajabu. Kwenye lami iliyovimba kwa uzito wa malori, hasa karibu na vituo vya kulipia barabara ambako yote yanafunga breki mahali pamoja, tairi zilikuwa zinarukaruka, ABS, mfumo unaozuia tairi zisijifunge, inaingia kabla ya wakati, pedali inagonga mguu, na gari linaendelea kwenda. Shokapu ngumu iliyoshushwa haina nafasi ya kucheza. Ikifika mwisho inagota kwenye mpira, na kuanzia hapo gari halina springi tena.

Nilizitoa zote nne. Niliweka springi za kimo cha kiwandani kutoka kwenye Impreza iliyochinjwa Kitwe, Zambia, na shokapu mpya za KYB, zile za New SR Special, ambazo zimetengenezwa kwa springi za kawaida lakini zinakaza kidogo kuliko za kiwandani. Seti ya nne ilinigharimu dola 420 hivi pamoja na usafiri. Hapa mjini nilionyeshwa boksi lenye jina hilohilo kwa nusu ya bei, na jina lilikuwa limekosewa herufi. Sihitaji kusema zaidi. Ukinunua vipuri hapa, soma boksi kama unavyosoma mkataba wa kiwanja, na kama una jamaa anayevuka Kasumbalesa kwenda Copperbelt ya Zambia, mtume: kule nako wanatumia usukani wa kulia na vipuri vya Kijapani vimejaa.

Tofauti? Mtu anayetafuta ugumu atavunjika moyo. Gari limepanda, linaonekana la baba mwenye watoto, na vijana wa mtaani kwetu walinipa pole. Lakini kwenye ile lami iliyovimba sasa linapita likiwa limetulia, tairi ziko chini, ABS imenyamaza. Kona ndefu naziingia kwa mwendo uleule wa zamani na mikono haihangaiki. Kwenye udongo, na nusu ya Lubumbashi bado ni udongo ukitoka barabara kuu, sasa naweza kufika nyumbani kwa shangazi Ruashi wakati wa mvua bila kuazima gari la mtu.

Bushi za mikono ya chini nilibadilisha zote, za mpira wa kawaida. Kuna zile ngumu za rangi ambazo vijana wanazipenda. Kwa vumbi letu zinaanza kulia baada ya muda, na sikutaka gari lenye sauti ya kitanda. Bolijointi moja ilikuwa imekwisha kabisa, hilo halikuwa suala la kuchagua.

Kitu pekee cha kweli cha "mbio" nilichoongeza ni stabilaiza ya nyuma ya Whiteline, yaani fimbo ya chuma inayozuia gari lisilalie upande kwenye kona, milimita 22, nene kuliko iliyokuwepo. Injini ya Impreza imekaa mbele ya ekseli, na gari kwa tabia yake linapenda kwenda moja kwa moja hata ukikata usukani. Stabilaiza nene nyuma inapunguza ukaidi huo. Ilichukua muda mrefu kufika na kodi yake iliniuma, ila kwa pesa hiyo sijui kipuri kingine kinachobadilisha tabia ya gari kiasi hiki. Ina matundu mawili ya kufungia. Nimeifunga kwenye lile laini. Mvua ikinyesha juu ya vumbi, lami ya hapa inakuwa sabuni, na sitaki mkia wenye maoni yake.

Baada ya yote, paralelizimu, yaani kunyoosha tairi. Usikubali ile ya kamba na jicho. Kwenye Impreza bolti ya juu ya shokapu ya mbele ndiyo inayobadilisha mwinamo wa tairi, kwa hiyo kila unapofungua shokapu umeharibu vipimo. Mimi nilipima kwenye mashine mara tu baada ya kufunga, kisha tena springi zilipokwisha kukaa, na vipimo vilikuwa vimesogea.

Malalamiko ninayo. Pedi za mbele zinaisha haraka kuliko nilivyotarajia, na bei yake siyo ya kuchekea. Vumbi linaingia nyuma ya vizuia vumbi vya kalipa hata vikiwa vipya, kwa hiyo kila tairi zinapotolewa naosha kalipa kwa maji na brashi. Taa ya ABS iliwaka wakati mmoja. Kumbe waya wa sensa ulifungwa karibu mno na shokapu mpya. Na breki za nyuma sijazigusa zaidi ya pedi na mafuta, zinatosha.

Juzi usiku, nikirudi kutoka Likasi, niliona majani ya miti yametandazwa kwenye lami. Wa huku mnajua maana yake: mbele kuna lori limekufa, halina taa. Nilikanyaga, gari likainama kidogo mbele, likasimama mapema kiasi kwamba nilibaki na nafasi ya kuwasha taa za hatari kwa ajili ya aliye nyuma yangu. Yeye alikuwa na Prado, na breki zake nilizisikia kabla sijamwona. Alishuka akatazama magurudumu yangu kwa tochi ya simu, akauliza nimeweka nini. Nilimpa namba ya mzee wa Katuba.