IELTS jijini Dar es Salaam: mtihani unaolindwa kwelikweli

Mwaka 2019 nilifanya IELTS ya karatasi, mtihani wa kimataifa wa kupima Kiingereza, jijini Dar es Salaam, na kilichonifanya niiheshimu huduma hiyo ni namna inavyoziba mianya ya udanganyifu. Mlangoni msimamizi alilinganisha uso wangu na pasipoti, ile ile niliyojiandikishia, kisha nikapigwa picha na kuchukuliwa alama ya kidole. Nilipoingia kwenye sehemu ya kuzungumza niliweka kidole tena, ili ithibitike kwamba anayezungumza ndiye aliyeandika. Simu ilizimwa ikabaki nje na mkoba, saa ya mkononi ikavuliwa, na hata chupa ya maji ilibidi niibandue karatasi yake. Dada mmoja aliyevaa hijabu alipelekwa faragha na msimamizi wa kike, akakaguliwa masikio, akarudi na stara yake kamili. Jambo hilo lilinigusa sana.

Wapo waliolalamika kwamba tunatendewa kama wezi. Mimi nilikumbuka yaliyotokea Uingereza mwaka 2014, pale kipindi cha Panorama cha BBC kilipoonyesha watahiniwa wa TOEIC, mtihani mwingine wa Kiingereza uliotumika kuombea viza, wakifanyiwa mtihani na watu wengine, na majibu yakisomwa kwa sauti chumbani. ETS, wenye mtihani huo, waliipitia mitihani 58,458, wakasema asilimia 58 ilikuwa batili na asilimia 39 ya kutiliwa shaka. Maelfu ya wanafunzi walifutiwa viza, wakiwemo wasio na hatia ambao walihangaika mahakamani kwa miaka mingi kusafisha majina yao. Udanganyifu ulioachwa na wasimamizi uliwaunguza hata waliosoma kwa jasho lao.

Ninachokilaumu kiko nje ya chumba cha mtihani. Kituo kimoja cha maandalizi nilikolipa ada kilitukaririsha insha nzima nzima, bila kutueleza kwamba majibu ya kukariri hutambuliwa na kupunguziwa alama, na mtu wa hapo hapo alininong'oneza kwamba cheti "kinapatikana" bila kukalia mtihani. Ni hadaa tupu, kwa kuwa vyuo huhakiki matokeo kwenye mfumo wa IELTS wenyewe, na anayebainika hupoteza ada na alama zake zote.

Matokeo yangu yalitoka siku ya 13, na chuo nilichoomba kiliyahakiki kwa namba tu, bila kunidai karatasi nyingine yoyote.