Kizazi kushuka: ultrasaundi ya msamba au MRI?

Mwanamke akisema "nahisi kitu kinashuka ukeni", au mkojo ukimtoka kila akicheka, daktari huanza kwa macho na mikono. Picha huja pale maswali yanapobaki, na hapo wengi hudai MRI, ile picha ya mashine kubwa ya sumaku, kana kwamba bei yake ndiyo jibu.

Mimi ningeanza na ultrasaundi, mradi anayeipiga amefunzwa kazi hiyo. Ni dakika chache tu. Kifaa huvishwa glovu yenye jeli, kisha huwekwa kwa nje, hapo msambani, kati ya uke na njia ya haja kubwa. "Bana kama unazuia mkojo. Haya, sukuma." Kwenye skrini unaona kibofu kikiteremka papo hapo. Ile ya pande tatu huonyesha hata msuli uliobanduka kwenye mfupa wa kinena wakati wa kujifungua. Na utepe wa plastiki uliopandikizwa kuzuia mkojo huonekana humo vizuri kuliko kwenye MRI.

MRI hutamba kwenye shida za haja kubwa: choo kisichotoka chote, au utumbo unaoteremka nyuma ya uke. Jeli hujazwa njia ya haja kubwa, kisha mgonjwa huisukuma itoke akiwa ndani ya mashine. Aibu ipo, tusidanganyane. Tena amelala chali. Asiposukuma kwa nguvu, mshuko huonekana mdogo kuliko anavyouhisi akisimama.

Zote mbili hazina mionzi ya eksirei. Ila mwenye kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo aseme kabla ya kuingizwa kwenye MRI.