Vichupa viwili vya probayotiki: kimoja ningekitumia tena, kingine hapana

Jamani nilitaka kuandika hii siku nyingi, juzi mtu wangu wa karibu kaniuliza "nimeambiwa ninywe probayotiki, ninunue ipi?" nikajikuta naongea nusu saa nzima, ndo nikasema bora niiandike tu. Kwa asiyejua, probayotiki ni vidonge vyenye vijidudu hai, vinavyouzwa kusaidia tumbo. Nimetumia aina mbili kwa vipindi tofauti. Majina ya kampuni sitaji, ntaongelea kilichomo ndani na kilichoandikwa kwenye lebo, maana kwenye lebo ndo kuna kila kitu.

Kilichonifikisha huko ni antibayotiki. Nlipewa dozi ya siku 10 kwa ajili ya kifua, kifua kikapona vizuri kabisa, ila kufika siku ya nne tumbo si langu tena, naharisha mara tano sita kwa siku, linaunguruma mpaka aliyekaa pembeni anasikia. Na hili linawapata watu wengi sana kwa sababu dawa haichagui, inamuua bakteria aliyekuletea ugonjwa na inawafagia na wale wa utumboni ambao hawana kosa lolote na walikuwa wanakufanyia kazi. Na wanafanya kazi kweli jamani. Makadirio ya mwaka 2016 yanasema mtu mzima ana bakteria kama trilioni 38 wakati seli zake mwenyewe ni kama trilioni 30 (ile ya kusema wanatuzidi mara 10 ilishasahihishwa, tuache kuirudia), na karibu wote wanakaa utumbo mpana. Wanachachusha nyuzinyuzi ambazo sisi wenyewe hatuwezi kuzimeng'enya, wanatoa asidi inaitwa byutireti ambayo ndo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo mpana na inasaidia maji kufyonzwa, wanatengeneza vitamini K, na kule kujaa kwao tu kunawanyima nafasi wadudu wabaya. Sasa wakifagiliwa, ukuta unalala njaa, maji hayafyonzwi inavyotakiwa, na choo unakiona mwenyewe.

Dozi ilipoisha nikaenda kununua kichupa cha kwanza. Nilichagua kwa macho, nakiri. Kimeandikwa kwa herufi kubwa BILIONI 50, AINA 12 (yani bakteria waliomo), halafu ahadi chungu nzima: kinga ya mwili, usingizi, ngozi, msongo wa mawazo, uzito. Nikasema hiki hiki.

Nimekitumia miezi miwili. Wiki za mwanzo kuhara kulipungua, ila kungepungua hata hivyo maana antibayotiki ilishaisha, afu ikaja gesi, tumbo linajaa kama puto kila jioni, choo leo kigumu kesho laini, hakitabiriki. Usingizi ule ule, ngozi ile ile. Nikajipa moyo kwamba labda wanazoea. Ndo nikaanza kuisoma lebo kwa kutulia, na hapo ndo nilichukia.

Majina yameishia njiani. Wameandika Lactobacillus acidophilus, Bifidobacterium longum na wenzao, basi. Hakuna streni, yani ukoo mdogo ndani ya aina moja, unaotajwa kwa ile namba au herufi zinazofuata baada ya jina. Sasa hii ni sawa na mtu akwambie kesho anakuja mtoto wa mzee fulani, na huyo mzee ana watoto wanane, mmoja mpole na mwingine mwizi, wewe unampokea yupi? Mfano mzuri ni E. coli, bakteria wa utumboni. Kuna streni ya O157:H7 inayoharisha damu na inaweza kuharibu figo, na kuna streni ya Nissle 1917 ambayo daktari Mjerumani Alfred Nissle aliipata kwa askari wa Vita ya Kwanza ya Dunia ambaye hakuharisha wakati wenzake wanaugua, na mpaka leo inatumika kama tiba. Wote wawili ni E. coli! Kwa hiyo lebo ikiishia kwenye "E. coli" haijakwambia kitu, na ni hivyo hivyo kwa hizo Lactobacillus. Utafiti unafanywa kwa streni, ukisikia "imethibitishwa" uliza ni ipi.

Na hizo bilioni 50 nazo. Kwa maandishi madogo kabisa chini wameandika "wakati wa kutengenezwa". Hao ni viumbe hai, wanakufa stoo, wanakufa kwenye joto, wanakufa kabatini kwako. Namba ya maana ni ya wangapi watakuwa hai mpaka tarehe ya mwisho wa matumizi. Na hata wangekuwa hai wote, bilioni 50 ukizipeleka kwenye trilioni 38 hazifiki hata asilimia 0.2, kwa hiyo wazo kwamba unaenda "kujaza upya" utumbo kwa kidonge ni wazo la tangazo. Wengi wao wanapita tu, ukiacha kumeza siku chache wameshaondoka.

Kilichonimaliza ni utafiti wa Taasisi ya Weizmann ya Israeli uliotoka 2018. Walichukua watu 21 wakawapa antibiotiki, halafu kundi moja likaachwa lilivyo, la pili likapewa probayotiki yenye streni 11, la tatu likarudishiwa kinyesi chao wenyewe kilichohifadhiwa kabla ya dawa. Waliorudishiwa cha kwao, bakteria wao walirudi ndani ya siku chache. Walioachwa walirudi baada ya kama wiki tatu. Waliomeza probayotiki miezi mitano imepita bado hawajarudi hali yao ya zamani. Watu 21 ni wachache, sawa, na sisemi ndo kilichonipata mimi, ila nlikuwa nameza mchanganyiko wa aina 12 kwa miezi miwili nikidhani nawasaidia wenyeji warudi nyumbani, kumbe inawezekana nlikuwa nimewawekea wageni mlangoni. Nikaacha siku hiyo hiyo. Gesi iliisha ndani ya wiki.

Kichupa cha pili kilikuja mwaka uliofuata, jino, antibayotiki tena. Safari hii nikamuuliza mfamasia kwanza, namshukuru mpaka leo, hakunipa chenye rangi nyingi, alinipa chenye kitu kimoja tu ndani: Saccharomyces boulardii CNCM I-745. Huyu si bakteria, ni hamira, jamii ya fangasi, kwa hiyo antibayotiki haimgusi. Wazo la akili sana hili, unatuma msaidizi ambaye risasi hazimpati. Lebo ina streni, ina kiasi mpaka tarehe ya mwisho, inasema wazi friji haihitajiki, na faida iliyoandikwa ni moja tu, kuhara kwa sababu ya antibayotiki. Haikuniahidi ngozi.

Nilianza siku ile ile ya kwanza ya dawa, nikaendelea siku chache baada ya dozi kuisha, nikaacha. Choo kililainika siku mbili basi, mara moja kwa siku, hakuna kukimbia. Antibayotiki ilikuwa nyingine kwa hiyo sifa zote sikipi hiki kichupa, ila nikipewa dozi kesho nakinunua tena.

Muhimu sana lakini: kama unatumia dawa ya fangasi, hii itauawa, usipoteze hela. Na kama kinga yako iko chini au umewekewa mpira kwenye mshipa mkubwa wa damu, usiguse, huyu hamira anaweza kuingia kwenye damu. Watoto njiti pia usiwape kitu chochote cha hivi kwa uamuzi wako, mwaka 2023 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa onyo baada ya kichanga kufariki kwa probayotiki ya bakteria. Na ukiharisha sana baada ya antibayotiki, una homa au damu, hiyo si ya kidonge cha dukani, nenda hospitali, inaweza kuwa Clostridioides difficile, bakteria anayeshambulia utumbo, na anaua.

Alama: cha pili nakipa 4 kati ya 5, nimetoa moja kwa sababu karatasi ya ndani haitaji hatari ya wenye kinga ndogo kwa herufi zinazosomeka. Cha kwanza 1. Niliwaandikia barua pepe kuwauliza streni zao 12 ni zipi, jibu lilikuja baada ya wiki mbili, mstari mmoja: ni siri ya biashara.