Wakata kwato niliowaita Chanika, dume langu sasa anapanda

Nina dume la ng'ombe, Fresian chotara, tunamwita Komando, majirani wa Chanika mpaka Msongola wanaleta majike yao hapa yakiwa kwenye joto. Mwezi wa tatu akaanza kugoma. Analetewa jike, ananusa, anainua kichwa, akitaka kupanda anarudi chini. Watu wakasema amezeeka mpeleke mnada wa Pugu, mi roho ikakataa maana ana miaka mitano tu. Ndo nikapewa namba ya hawa jamaa, daktari wa mifugo na kijana wake, kazi yao kukata kwato.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni kwamba daktari hakushika kisu kwanza. Alisema mtembezeni. Tukamtembeza kwenye sehemu ngumu, yeye kachuchumaa nyuma anaangalia tu, kama dakika kumi hivi. Akanionyesha mguu wa nyuma wa kulia, Komando alikuwa anaukanyaga kwa kuuibia, na kwato ya nje imekuwa ndefu na nene kuliko mwenzake. Akanieleza dume akipanda uzito karibu wote unashukia miguu ya nyuma, sasa kama pale chini panauma atapandaje? Yani hamu anayo, miguu ndo inamkatalia.

Kosa lilikuwa langu. Komando anafungwa muda wote kwenye mchanga, hatembei, na kwato inakua kama nusu sentimita kwa mwezi, isipolika inajaa mbele mpaka mnyama anakalia visigino.

Akauliza pia habari za mama yake na baba yake, nikashangaa inahusu nini. Kumbe kuna kwato za kujisokota kama bisibisi, zile zinarithiwa, na angeikuta angenishauri nimtoe kabisa kwenye kazi ya mbegu, kwa sababu ukiikata unaificha tu halafu ndama wa majirani ndo wanakuja kuteseka. Komando hana, ni urefu tu wa kukaa bandani.

Krashi yangu ya mirunda (kile kizimba chembamba cha kumbana ng'ombe asimame) haikumtosha, ikabidi achomwe dawa ya kutuliza alazwe kwa kamba. Walishaniambia tangu jana yake asipewe chakula, maana dume likilala na tumbo limejaa, gesi inaweza kumuua. Kisu cha kwato, koleo, tupa, basi, hakuna panga. Nataja panga kwa sababu mwaka juzi nilimwita fundi mwingine akaja na panga na nyundo, akakata mpaka damu, dume likachechemea wiki tatu, nikikumbuka naumia mpaka leo. Huyu anakata kidogo, anabonyeza unyayo kwa dole gumba, akiona unabonyea anaacha hapohapo. Alipima kwa rula, akasema jike la Fresian wanamwachia kama sentimita 7.5 kwa mbele ila dume na mwili wake anahitaji zaidi. Miguu ya mbele hakuikata kabisa, alipiga tupa kidogo tu, na angeweza kuikata akanichaji nisijue.

Bei elfu themanini jumla na dawa, nauli ya boda juu yangu. Kwangu sawa, dume nikinunua jingine ni mamilioni.

Ila kuna kitu kiliniuma. Tulikubaliana saa moja asubuhi wakaja saa nne na nusu, jua la Dar mnalijua, dume kalala na dawa mwilini anahema kwa nguvu mpaka tukamwagia maji. Hilo sio dogo, kwa mnyama mkubwa ni hatari kweli. Na mrututu, ile dawa ya bluu ya kuoshea kwato, hawakuja nao, nikakimbilia duka la pembejeo mwenyewe, gramu 50 kwa lita moja ya maji (mwenye kondoo awe makini, wasiyanywe, mrututu ni sumu kwao).

Aliniambia Komando apumzike wiki mbili, na niandike majike yote yatakayopandwa baadae nione yapi yameshika, kwa sababu mbegu inachukua kama miezi miwili kutengenezwa, kwa hiyo maumivu ya nyuma yanaweza kuonekana kwenye mbegu za sasa. Wiki ya tatu kalipanda jike la jirani mara mbili bila kusita, nikamwita mke wangu aje aone.

Miezi sita ijayo nawaita tena, safari hii nawaambia waje alfajiri ama wasije siku hiyo.