Nguzo za kibaraza juu ya bwawa: ununue ipi hapa Lamu?

Wengi wanaotaka kibaraza cha mbao juu ya bwawa la nyumbani huanza kuulizia mbao za sakafu. Anza na nguzo. Ubao ukioza unang'oa huo mmoja. Nguzo ikioza unabomoa kibaraza kizima. Nguzo ya mti huoza polepole mno kule chini kwenye tope, kwa kuwa hakuna hewa. Huoza haraka pale maji na hewa vinapokutana, na hapo ndipo nilipopimia kila aina.

Ya kwanza kwangu ni bomba la plastiki la maji machafu, inchi 6, linalosimamishwa shimoni na kujazwa zege lenye nondo. Haliozi, tena linabebeka. Nguzo ya zege iliyotengenezwa tayari, sentimita 20 kwa 20 na urefu wa mita 3, hukaribia kilo 290. Punda gani ataitoa gatini aipitishe vichochoroni? Bomba tupu mtu hulitia begani, simiti ikafuata kwa mifuko. Lakini fundi asichote mchanga wa ufuoni, tafadhali. Chumvi hula nondo, kutu hufura, zege likapasuka kutoka ndani. Lipa gharama ya mchanga wa bara unaovushwa kutoka Mokowe, na usikoroge kwa maji ya kisima cha chumvi. Kama mna samaki, zege bichi lisidondokee bwawani, litawaua.

Ya pili ni mkalitusi uliotiwa dawa, kama nguzo za umeme. Tazama kichwa cha nguzo: dawa huonekana kama pete ya kijani pembeni, na kiini kubaki na rangi yake. Ndiyo maana ukiikata, upande uliokatwa uelekee juu, kamwe usiuzamishe. Nyingi hutiwa dawa yenye shaba na aseniki, kwa hiyo bwawa la samaki siliruhusu.

Mbambakofi ni mti wa kuaminika, ila bei yake ni kali. Ukiununua, kataa nguzo yenye ganda jeupe la nje. Hilo huoza mapema, kinachodumu ni kiini chekundu.

Mkoko nauweka nyuma, najua wazee hawatapenda. Boriti zimebeba dari za nyumba zetu karne kwa karne, lakini zimekaa pakavu. Majini mambo ni mengine, na kwenye maji ya chumvi wadudu huutoboa mti mpaka ukawa sega. Ukiutaka hata hivyo, nunua kwa mwenye kibali cha idara ya misitu.

Bomba la chuma liache. Upepo wa bahari pekee unalitosha.

Chimba kaskazi, bwawa likiwa limepungua, kabla ya masika. Theluthi ya nguzo iingie ardhini. Bwawa lililotandikwa karatasi ya plastiki usilitoboe: weka tofali pana la zege juu ya mkeka mnene, nguzo isimame hapo. Na bolti ziwe za chuma kilichopakwa zinki nzito au chuma kisichoshika kutu, hata muuzaji akikuambia misumari inatosha.